Ngoma ya Bibi Ndani ya Kompyuta

Kwa miaka mingi tetemeko la nchi katika igizo letu la Ijumaa Kuu lilikuwa bati moja. Bati lenyewe lilibaki tulipoezeka nyumba ya mchungaji, tukalihifadhi kwenye stoo ya kanisa, na kila mwaka mama mmoja mwenye mikono ya nguvu alisimama nyuma ya pazia akalitikisa pale Mwokozi alipokata roho. Wakati huohuo pazia la hekalu, ambalo kwetu ni mashuka mawili yaliyounganishwa kwa uzi hafifu, lilipasuka. Mwaka 2022 bati lilimponyoka mama yule, likaanguka sakafuni kwa kishindo, akaliokota, likaanguka tena. Watoto wa Shule ya Jumapili wakaangua kicheko. Aliyeigiza akida, ambaye ndiyo kwanza alitakiwa kupiga magoti na kutoa ungamo lake, akacheka naye. Tulirudi majumbani tumeinamisha vichwa.

Kamati ya igizo ni sisi akina mama saba, wawili kati yetu wauguzi, na hakuna aliyesomea muziki. Januari 2023 tulipokutana kupanga mambo ya Pasaka, mwenzetu mmoja alilalamika kwamba kijana wake anatengeneza muziki kwa kompyuta usiku kucha, na kwamba milio inayotoka chumbani mwake imewafanya kuku wahamie kwa jirani. Alitaka tumwombee aache. Sisi tukaangaliana, tukamwambia amlete.

Kijana akaja Jumamosi iliyofuata na kompyuta ya mapajani, kibodi ndogo ya vitufe 25, na nyaya nyingi kama za fundi redio. "Shikamooni mama zangu," akasema, akaunganisha vitu vyake kwenye vipaza sauti vya kwaya. Kisha akabonyeza kitufe kimoja kwa kidole kimoja.

Mlio ule tulikuwa tumeusikia kwenye sinema tu. Ilikuwa kama ngoma yenye ukubwa wa nyumba imepigwa na mtu asiye na haraka. Vioo vya madirisha vikaitikia, mama mmoja akashika kifua, na mtoto aliyekuwa amelala kwenye benchi akaamka akalia. Hapo hapo tukajua kwamba tetemeko letu limepatikana.

Tulidhani ni kompyuta inayotunga mlio. Sivyo, na jambo hili tunalieleza kwa ajili ya akina mama wenzetu wenye vijana wa namna hii nyumbani, maana hata sisi tulikuwa tumeshaanza kusema maneno juu ya "ngoma za uongo". Ni ngoma ya kweli, iliyopigwa na mtu wa kweli mbele ya kinasa sauti. Wenyewe huita kila mpigo ulionaswa sampuli. Sisi wa hospitali neno hilo tunalitumia kwa damu na makohozi, na kumbe haliko mbali: kitu kidogo kimechukuliwa kwa mtu, kikatiwa ndani ya chombo, kikaandikwa lebo ili kisichanganywe na kingine.

Kibodi ile ikiwa peke yake haina sauti hata kidogo. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ni kitufe gani kimebonyezwa na kwa nguvu kiasi gani, na nguvu hiyo hupelekwa kama namba kati ya 1 na 127, kwa utaratibu ambao watengenezaji wa vinanda wamekuwa wakiutumia tangu mwaka 1983. Kompyuta ikipata namba ndogo huchagua mpigo wa taratibu, ikipata kubwa huchagua mpigo wa nguvu. Mpigo wa taratibu haupatikani kwa kupunguza sauti ya mpigo wa nguvu, kwani ngozi ikiguswa kidogo hutoa mlio wa namna nyingine kabisa. Kwa hiyo mpigaji hupiga ngoma moja kwa viwango vingi, na kila kiwango hukirudia mara kadhaa. Kwa nini arudie? Kijana alituonyesha. Aliuchagua mpigo mmoja tu, akaubonyeza haraka haraka mara kumi, ukatoka mlio mkavu kama wa bunduki, na sikio likatambua papo hapo kwamba hapa hakuna mtu. Kisha akairuhusu programu itumie mipigo mitano ya nguvu ileile kwa zamu, na ngoma ikawa na uhai tena. Zamu tunazijua vizuri. Muuguzi akishinda kazini usiku na mchana bila kupokewa naye huanza kutoa mlio mkavu.

Jambo lililotugusa zaidi ni habari ya mahali. Ngoma kubwa za sinema hazinaswi chumbani. Hutafutwa ukumbi wenye mwangwi mzuri, kinasa sauti kimoja huwekwa karibu na ngozi, vingine huwekwa mbali au juu, na baadaye mtengenezaji wa muziki huchagua asikie ngoma iliyo karibu au iliyo mbali. Huko London, katika mtaa wa Hampstead, kuna jengo la kanisa la Wakongregesheni lililojengwa miaka ya 1880, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa studio ya AIR, kampuni iliyoanzishwa na George Martin, yule aliyewarekodi Beatles. Humo ndimo Hans Zimmer, Mjerumani anayetunga muziki wa sinema, alimonasa ngoma zake pamoja na kampuni ya Spitfire Audio ili watu wengine wazitumie kwa njia hii ya vitufe. Huyu ndiye aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 1995 kwa muziki wa The Lion King, ile katuni yenye Simba na Rafiki, ambayo watoto wetu waliitazama mpaka kanda ikakatika. (Nguvu ya kwaya ile, lakini, ni kazi ya Lebo M wa Afrika Kusini, na haki yake apewe.) Basi mama mmoja akauliza: kama Wazungu wanatafuta kanisa ili ngoma ilie vizuri, sisi tuna kanisa na tuna ngoma, tunakwenda kuomba nini nje?

Swali hilo hatukulijibu siku ile. Tulikuwa tumelewa kishindo.

Ngoma yetu inapigwa na bibi mmoja ambaye ameipiga tangu wengi wetu tukiwa tumebebwa migongoni. Ni gogo lililochongwa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, na ndiyo iliyotangulia maharusi wetu na majeneza yetu. Mwaka 2021 bibi alipata kiharusi. Alipona kuliko tulivyotegemea; anatembea kwa fimbo, anaongea, lakini mkono wa kuume ulibaki mzito. Toka hapo ngoma ilikaa kwenye kona chini ya kitambaa. Vijana wachache walijaribu, naye akiwa benchi la mbele aliwasikiliza huku akitazama pembeni.

Habari za kompyuta zilimfikia kabla hatujaenda kumwambia, na hilo lilikuwa kosa letu. Tulipomtembelea alitupokea vizuri, akatupa uji, kisha akasema, "Nimesikia mmepata ngoma isiyougua." Hakuongeza neno. Tulikunywa uji wetu tukaondoka, na njiani hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Jambo la pili lilijitokeza kwenye mazoezi ya Februari. Mweka hazina wetu, ambaye huuliza bei ya kila kitu hata asichokusudia kununua, alimwuliza kijana programu ile iligharimu kiasi gani. Kijana akajikuna kichwa.

"Nimepewa na rafiki, mama."

"Naye aliinunua?"

"Hapana mama. Kuna watu wanazifungua, halafu zinazunguka."

"Dukani bei yake ni ngapi?"

"Ni mamia ya dola. Hakuna kijana hapa mtaani anayeweza."

Tunakiri kwamba hatukuwa na moyo mmoja. Wengine walisema huko waliko ni matajiri, hawatajua, na kwamba kazi ni ya Bwana. Mwingine akasema sinema za Yesu tunazoonyesha vijijini nazo nani anajua zimetoka wapi. Mweka hazina aliwaacha wamalize, kisha akasema hataki siku ya Ijumaa Kuu, mbele ya wale wanyang'anyi wawili msalabani, sisi tuwe wa tatu. Tulicheka, lakini kicheko kiliisha mapema. Kila mpigo mle ndani ulikuwa wa mkono wa mtu aliyekwenda kazini asubuhi akategemea ujira. Sisi wauguzi tunaojua ladha ya posho isiyokuja tungewezaje kusema hawatajua?

Kijana aliumia. Kwa wiki nzima hakuja. Mama yake alituambia amefuta kila kitu, makumi ya gigabaiti, na kwamba hali ugali. Tukaona tumepoteza tetemeko, tumempoteza kijana, na bibi tulikuwa tumeshampoteza. Hapo ndipo lile swali la kanisa na ngoma liliporudi.

Ziko programu za bure kwa haki, ambazo wenyewe wamezitoa zitumike. Audacity hunasa na kukata sauti. Decent Sampler huzipanga sauti zako mwenyewe kwenye vitufe. Kijana alizijua zote mbili, ila alizidharau kidogo, kama mtu anavyodharau mboga ya nyumbani. Tulimwomba jambo moja tu: aende kwa bibi yeye mwenyewe, bila sisi.

Walizungumza nini hatujui. Tunajua kwamba alikaa huko tangu saa kumi mpaka giza, na kwamba Jumatano bibi alikuja kanisani kwa bodaboda, amefunga kanga, na fimbo ameilaza mapajani.

Tulinasa usiku, saa tatu, ili bajaji zipungue. Ilikuwa Machi na masika yalikuwa yamepiga hodi; ngozi ilikuwa imelegea kwa unyevu, na ngoma ilitoa mlio kama mto uliolowa. Kijana akaanza kusema kwamba anaweza kuirekebisha kwenye kompyuta. Bibi akaagiza moto. Tuliwasha makuti nje, tukaigeuza ngoma mbele ya moto polepole kama mtu akaangaye mkate wa kumimina, naye akaigonga kwa ukucha mara kwa mara, akasema bado, akasema bado, akasema sasa. Kijana alibaki ameshika waya. Nadhani hapo ndipo heshima ilipogeuka upande.

Kinasa sauti cha kwaya kiliwekwa shibiri mbili kutoka kwenye ngozi, na simu ikawekwa mwisho kabisa wa kanisa, juu ya meza ya matangazo, inase mwangwi. Mpango ulikuwa huu: katikati ya ngozi, ukingoni, na kwenye mbao; kila mahali viwango vinne vya nguvu; kila kiwango mara tano. Hiyo ni mipigo 60, na kila mmoja tuliuacha sekunde nne mpaka mlio wake uishe, bila mtu kukohoa. Mjaribu siku moja kuwanyamazisha akina mama saba kwa sekunde nne mara sitini. Tulirudia mingi kwa sababu ya vyura, mingine kwa sababu ya pikipiki, na mmoja kwa sababu yetu sote tulipocheka bila sababu.

Mipigo ya nguvu na ya wastani bibi aliipiga kwa mkono wa kushoto, na hakika kushoto kwake ni kuume kwa wengi. Ilipofika zamu ya mipigo ya chini kabisa, mkono wa kushoto ulikataa kuwa mpole. Miaka yake yote ulikuwa mkono wa kusindikiza tu, haukufundishwa kunong'ona. Akajaribu mara tatu. Kisha akauinua mkono wa kuume kwa ule wa kushoto, kama mtu anavyomwinua mtoto aliyelala, akauweka juu ya ngozi, akauachia uanguke wenyewe. Mlio uliotoka ulikuwa mdogo, wa mviringo, wenye kitetemeshi kidogo mwishoni. Kijana alitazama mstari kwenye kioo cha kompyuta, akanong'ona, "Bibi, huo huo." Akaurudia mara tano katikati, mara tano ukingoni, mara tano kwenye mbao. Sisi wawili tuliokuwa tumemhudumia wodini, tuliokuwa tukiukunja na kuukunjua mkono ule kila asubuhi, tulitoka nje kidogo kuangalia moto.

Kazi yote, vinasa sauti viwili kwa pamoja, ilikuwa kama megabaiti 42. Inaingia kwenye flashi ndogo kuliko zote zinazouzwa stendi.

Tetemeko lilitoka namna hii. Sauti iliyonaswa ikichezwa kwa mwendo wa nusu hushuka chini na urefu wake huwa maradufu. Ngoma yetu ya kubebwa na mtu mmoja ikawa ngoma ya kubebwa na lori. Kijana akaweka mpigo wa kawaida, chini yake uleule kwa nusu mwendo, na chini zaidi kwa robo. Halafu akauliza bati liko wapi. Tukalitoa stoo, mama wa mikono ya nguvu akalitikisa safari hii akiwa ameketi, na mngurumo wake nao ukashushwa ukawekwa juu ya ngoma. Ukilisikia sasa huwezi kudhani ni bati la nyumba ya mchungaji.

Kuhusu moyo wa Bwana pale msalabani tulibishana naye. Alikuwa ameutengeneza kwa mpigo mzito unaopungua taratibu, sitini kwa dakika, hamsini, arobaini, kama sinema zinavyofanya. Sisi wawili tukamwambia hapana, mwanetu. Mtu aliyechapwa, aliyetokwa damu, asiyepewa maji, moyo wake hauendi polepole na kwa nguvu. Unakimbia, mia na ishirini au zaidi, na kila pigo ni dhaifu kuliko lililotangulia, ukiutafuta kwenye kifundo cha mkono hauupati. Ni mwisho kabisa ndipo unapochelewa, unaruka pigo, unasimama. Tumeukaa mara nyingi mno mwisho huo. Kijana akatusikiliza, akatumia mipigo ileile midogo ya mkono wa kuume wa bibi. Mama mmoja aliyefiwa na mumewe alitoka nje siku ya kwanza ya kuisikia. Tulimfuata tukamwambia tutaiondoa. Akasema tusiiondoe, ila siku yenyewe yeye ataketi karibu na mlango.

Jambo la sauti kubwa tulilisimamia kwa ukali. Sikio halina kipuri. Desibeli 85 mtu anaweza kuzivumilia kazini kwa saa nane. Kila zikiongezeka 3, muda huo hukatwa nusu, hivyo zikifika 100 ni dakika 15 tu. Programu ya kupima kwenye simu haina uhakika wa kipimo cha maabara, lakini ilitosha kutuonyesha kwamba benchi za mbele, ambako watoto huketishwa sakafuni, zilikuwa zinapigwa kuliko zote. Tukavigeuza vipaza sauti vielekee ukuta, na akina mama wenye vichanga tukawapeleka upande wa pili.

Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 2023, bibi aliketi benchi lake la mbele. Wakati wa Petro kumkana Bwana, jogoo akawika kwenye vipaza sauti, na watu wakadhani tumemnunua mahali. Alikuwa jogoo wa jirani wa kanisa, aliyewika saa nne usiku ule wa kunasa sauti, juu ya mpigo mmoja mzuri wa ukingoni. Kijana alikuwa ameuhifadhi badala ya kuufuta. Moyo ulipoanza kukimbia kanisa lilinyamaza. Tulikuwa tunamtazama bibi kuliko msalaba, Mungu atusamehe. Alikuwa ameushika mkono wake wa kuume kwa ule wa kushoto, na vidole vilikuwa vinafuata. Mashuka yalipasuka bila kukwama. Hakuna mtoto aliyecheka.

Baada ya ibada tulizungumza habari ya haki yake, maana tulikuwa tumesema sana juu ya haki za wale wa mbali. Tulimpa doti mbili za kitenge kutoka mfuko wa kamati na tukaandika karatasi, bibi akaweka dole gumba: mipigo ni yake, usharika unaitumia, na nje ya kanisa hakuna anayepewa bila yeye kuulizwa. Kwenye baa, hapana kabisa; hilo alitaka liandikwe kwa herufi kubwa.

Mwaka uliofuata kijana alipata rafiki anayetengeneza filamu fupi, akazisikia zile ngoma, akataka kuzinunua kwa fedha ambayo kwa kijana asiye na ajira si ndogo. Alikuja kwetu amekunja uso. Kamati ikagawanyika tena: wengine wakaona ni baraka, bibi anahitaji dawa za presha kila mwezi, wengine wakaogopa mkono ule kusikika chini ya mambo tusiyoyajua. Mwisho tukamwambia karatasi ipo, si sisi wa kuamua.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo rafiki yako ana miguu?"

"Anayo, bibi."

"Mwambie aje, apige hodi."

Alikuja Jumamosi, na kilo mbili za sukari. Bibi akamwamkua, akamkaribisha kwenye mkeka, na kabla hajafungua kinywa kueleza habari za filamu yake, akamsukumia ngoma kwa fimbo akamwambia kwanza aipige, amsikie.